Kabla ya kamera, brashi: namna mdudu mkavu anavyoandaliwa kwa picha ya karibu

Kila baada ya muda huzuka kwenye makundi ya WhatsApp picha ya uso wa nzi au kichwa cha nyuki, iliyokuzwa mpaka unywele mmoja mmoja unahesabika, na mabishano huanza hapo hapo. Wa kwanza husema hiyo ni akili unde. Wa pili husema mdudu alitiwa kwenye friji akapoozwa, kisha akapigwa picha angali hai. Wa tatu huuliza kamera ya namna hiyo inauzwa shilingi ngapi. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini wote wanapita kando ya jambo lenyewe. Picha nyingi za aina hiyo ni za mdudu aliyekwisha kufa, akakauka, akalainishwa, akaogeshwa, akakaushwa tena. Kamera huja mwishoni, na kwangu mimi ndiyo sehemu nyepesi ya kazi.

Tuweke sawa maneno mawili kwanza. Kielelezo ni mdudu aliyehifadhiwa ili achunguzwe: amekaushwa, mara nyingi amechomwa pini, amekaa ndani ya sanduku, na chini yake kuna kikaratasi chenye mahali alipopatikana, tarehe na jina la aliyempata. Picha ya makro ni ile ambayo mdudu wa sentimita 1 anachukua sentimita 1 nzima, au zaidi, kwenye kihisi cha kamera, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Ukitaka kuona zaidi ya hapo, unafunga lenzi ya hadubini mbele ya kamera, ya kukuza mara 5 au mara 10.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Chukua simu yako, isogeze karibu sana na punje ya mchele. Ncha moja inaonekana vizuri, nyingine ina ukungu. Kadiri unavyokuza, ndivyo eneo linaloonekana vizuri linavyozidi kuwa jembamba. Kwa lenzi ya mara 10 eneo hilo lina unene wa chini ya mikroni 10 (mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa kichwani mwako una mikroni kama 70. Yaani hata unywele mmoja hauingii wote. Dawa yake ni kupiga picha nyingi, kamera ikisogezwa mbele kidogo kidogo kwenye reli yenye skrubu, kisha programu ya kompyuta inachukua kutoka kila picha kile kipande kilichoonekana vizuri na kuviunganisha. Fikiria mkate wa slesi. Kila picha ni slesi moja, na programu inaurudisha mkate mzima. Haimbuni mdudu, inachagua tu kutoka katika kile kilichopigwa.

Mpiga picha Mwingereza Levon Biss alipopiga vielelezo vya Makumbusho ya Historia ya Asili ya Chuo Kikuu cha Oxford, kazi iliyooneshwa huko mwaka 2016, picha ya mdudu mmoja ilijengwa kwa picha zaidi ya 8,000. Alimgawa mdudu katika sehemu kama 30, na kila sehemu akaipangia taa zake upya. Kazi ya mdudu mmoja ilikula wiki kadhaa. Hakuna mdudu hai atakayetulia muda huo, na hata yule wa kwenye friji, taa zikimpasha joto kidogo tu, vipapasio vinaanza kucheza.

Sasa piga hesabu ndogo. Mbawakawa wa sentimita 1 akichapishwa kwa urefu wa mita 2 amekuzwa mara 200. Chembe ya vumbi ya milimita 0.05, ambayo jicho lako halijishughulishi nayo, inakuwa na upana wa sentimita 1. Nyuzi moja ya pamba iliyodondoka kutoka kwenye shati lako inalala juu ya mgongo wa mdudu kama kamba ya kuanikia nguo. Ndiyo maana mtu ananunua lenzi ya bei kubwa, anapiga mdudu aliyemwokota dirishani, halafu anashangaa mbona picha yake inatisha badala ya kupendeza. Lenzi imefanya kazi yake. Imeonyesha uchafu kwa ustadi mkubwa.

Kuna wanaosema uchafu utafutwa baadaye kwenye kompyuta. Unaweza, lakini kila chembe inabidi uifute kwa mkono, na mahali penye manyoya huwezi kufuta chembe bila kuchora manyoya mapya kwa kukisia. Hapo sasa yule aliyesema "hiyo ni ya kompyuta" anaanza kuwa na haki. Mimi naona saa moja ya brashi ina heshima kuliko saa tano za kipanya.

Kabla ya kushika brashi lazima ujue unachotaka kukiondoa. Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linaloulizwa mara chache. Vumbi la sanduku ni uchafu, hilo halina ubishi. Matope ya miguuni ni uchafu. Ukungu mweupe unaoota juu ya vielelezo katika unyevu wa Tanga, Mombasa au Unguja ni uchafu, tena wa kuondolewa haraka. Chengachenga zinazong'aa zinazotokana na vidonge vya kufukuzia nondo nazo ni uchafu. Lakini ule unga unaobaki vidoleni ukimshika kipepeo si vumbi. Ni magamba madogo yaliyopangwa juu ya bawa kama vigae vya paa, na ndiyo yenye rangi yote. Ukiyafuta umebaki na bawa linalopitisha mwanga kama nailoni. Wapo pia wadudu wanaotoa nta nyeupe mwilini, na nta hiyo ni vazi lao. Chavua iliyoganda miguuni mwa nyuki je? Kwa mpiga picha inaweza kuwa takataka, kwa mtafiti ni ushahidi wa maua ambayo nyuki huyo aliyatembelea siku aliyokamatwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kumtazama mdudu kwa kioo cha kukuzia angalau dakika 10 kabla ya kumgusa. Kinachojirudia kwa mpangilio, kulia kama kushoto, huwa ni chake. Kilichokaa ovyo upande mmoja, mara nyingi ni cha kuja.

Nieleze kazi yenyewe kwa mdudu mmoja. Ami yangu ana minazi Pangani. Siku moja nilipokwenda kumsalimia alinipa kiberiti, ndani yake chonga, yule mbawakawa mkubwa mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi mpaka makuti yanachomoza yakiwa yamekatwa pembepembe kama kwa mkasi.

"Mchukue huyo, mwanangu," aliniambia. "Nimemchomoa kwa waya. Kashanimalizia minazi mitatu."

Nilipomwambia naenda kumwosha, alinitazama kwa muda. "Umwoshe adui yangu?"

"Shikamoo yangu umeipokea, ami, na hili nalo lipokee," nilimjibu. Aliguna, lakini akaniambia ule mnazi uko upande gani wa shamba na siku aliyomtoa, nikaandika palepale kwenye kikaratasi. Bila kikaratasi hicho mdudu ni pambo tu, hata awe msafi namna gani.

Alikuwa amekauka kabisa. Miguu imekunjwa kifuani, pembe imejaa udongo, na tumboni kuna nyuzi za mnazi zilizogandia. Kosa la kwanza la watu wengi ni kuanza kusugua hapo hapo. Mdudu mkavu ni kama dagaa wa sokoni, ukimkunja anavunjika. Gamba lenyewe ni gumu, ila utando wa viungo umepoteza maji na hauna tena ulaini. Wasusi wa mikeka wanalijua hili bila kufundishwa darasani: ukindu hulowekwa kabla ya kusukwa, vinginevyo unapasuka mkononi. Mdudu naye analainishwa hivyo hivyo, ila kwa mvuke.

Chukua bakuli la plastiki lenye mfuniko unaobana. Tandika chini karatasi za jikoni zilizoloweshwa, au mchanga mbichi, tia matone machache ya Dettol ili ukungu usiote, kisha mweke mdudu juu ya kifuniko kidogo cha chupa asiguse maji. Funga. Nzi au nyuki atalainika ndani ya siku 1 au 2. Chonga wa ami alikaa siku 3. Unajua yuko tayari pale mguu ukisukumwa taratibu kwa brashi unakwenda bila ubishi. Ukikataa, usimlazimishe, mrudishe bakulini. Mbawakawa wagumu wanaweza pia kulowekwa kwenye maji ya moto kwa nusu saa hivi, na kazi ikaenda haraka, ila kipepeo au nondo usimthubutishie maji kabisa.

Kuosha kwenyewe kunahitaji vitu vya dukani. Maji vuguvugu, tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, brashi laini ya kuchorea ya namba ndogo kabisa, na kibano chenye ncha nyembamba. Sabuni inalegeza mafuta yaliyoshikilia uchafu, brashi inauondoa. Unapiga brashi kuelekea upande manyoya yanakolala, kutoka kichwani kwenda nyuma, kama unavyompapasa paka. Ukienda kinyume unang'oa. Maji ya chonga yule yaligeuka rangi ya chai ya rangi mara ya kwanza, na mara ya tatu yakawa meupe. Chini ya pembe, pale inapoungana na kichwa, kulikuwa na kijibonde kilichojaa ungaunga wa mnazi ulioshindiliwa kama simenti. Hapo nilitumia ncha ya mwiba wa limau badala ya chuma, kwa kuwa chuma kinachora gamba na mchoro huo hautoki tena.

Watu wananiuliza kwa nini nisitumie jiki, kwani inang'arisha. Ndiyo, inang'arisha, kwa sababu inakula rangi, na ikiachwa inaendelea kumla mdudu mwenyewe. Wengine hutumia spiriti ya bluu ya kuwashia taa. Ile ina rangi iliyotiwa makusudi, nayo inabaki kwenye manyoya mepesi. Tumia spiriti isiyo na rangi. Na suuza mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, yale yasiyo na madini, kwa sababu maji ya bomba la mji wenye chumvichumvi yanaacha ukoko mweupe juu ya gamba kama ule unaouona ndani ya birika. Ukiyanunua kwa wauza vifaa vya magari, soma chupa mara mbili: maji ya kuongezea betri na tindikali ya betri hukaa rafu moja.

Ipo pia mashine ndogo ya kusafishia miwani na vito, inayotikisa maji kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika. Inatoa uchafu mahali ambapo brashi haifiki. Inatoa na miguu pia. Kwa mbawakawa mgumu, sekunde chache chache kisha unamtoa unamtazama. Kwa nzi au mbu mimi siitumii.

Kukausha ndiko wengi wanakoharibu kazi ambayo tayari walikuwa wameiweza. Mtazame mbuzi aliyenyeshewa: manyoya yameshikana mafungumafungu, ngozi inaonekana katikati. Si uchafu huo. Maji yanavutana yenyewe kwa yenyewe, na yanapokauka yanavuta nywele pamoja nayo. Mdudu aliyetoka majini na kuachwa akauke anabaki hivyo hivyo, na picha inamwonyesha kama amepakwa grisi. Njia ni kuyaondoa maji kwa hatua: mdudu anatiwa kwenye spiriti ya asilimia 70, kisha kali zaidi, kisha kali kabisa, dakika chache kila mara. Spiriti haivutani kwa nguvu kama maji, na inakauka upesi. Halafu unapuliza hewa kwa kipulizio cha mpira, au kwa mashine ya kukaushia nywele ikiwa mbali na katika joto la chini, huku brashi kavu ikiyanyanyua manyoya.

Wanaolifahamu jambo hili kuliko wengi ni wale wa maabara ya nyuki ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, huko Maryland, ambayo Sam Droege aliiongoza kwa miaka mingi. Wana maelfu ya nyuki waliokamatwa kwa mitego ya maji, wamelowa na kuparara. Wanawaosha ndani ya chupa kwa maji na sabuni ya vyombo, wanawasuuza, kisha wanawapuliza kwa mashine ya nywele mpaka manyoya yanasimama tena kama ya kifaranga. Picha zao hawazifungii haki miliki, mtu yeyote anaweza kuzichukua. Nyuki wengi mnaowaona mitandaoni juu ya mandhari nyeusi, ambao watu huapa kuwa wamechorwa, wametoka kwenye chupa zile.

Kuna uchafu mmoja unaotoka ndani ya mdudu mwenyewe. Baada ya miezi au miaka, mafuta ya mwilini huchuruzika nje, gamba linakuwa jeusi lenye utelezi na manyoya yanaganda. Sabuni haiuwezi. Hapa ndipo asetoni inapofaa, ile ya kufutia rangi ya kucha, lakini iliyo tupu, isiyo na manukato wala mafuta. Mdudu analowekwa siku nzima au zaidi ndani ya chupa ya kioo, na asetoni inabadilishwa ikigeuka njano. Fanya hivyo nje au dirisha likiwa wazi, mbali na jiko, kwa sababu mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu. Na kama mdudu amegundishwa kwenye kikaratasi kwa gundi, jua kwamba gundi nayo inaweza kuyeyuka, ukajikuta una mdudu upande huu na jina lake upande ule.

Vipi rangi? Watu husema mdudu mkavu hupoteza rangi, kwa hiyo kila picha yenye rangi kali imetiwa chumvi. Inategemea rangi yenyewe. Kijani cha panzi na samawati ya kerengende wengi hufifia baada ya kufa, na hakuna kuosha kunakoirudisha. Lakini mng'ao wa metali wa mbawakawa fulani si rangi ya kupakwa. Unatokana na tabaka nyembamba za gamba zinazorudisha mwanga, kama povu la sabuni linavyong'aa bila kutiwa rangi yoyote. Tabaka zikiwa nzima, mng'ao upo. Kule Messel, Ujerumani, wamechimbuliwa mbawakawa wa miaka milioni 47 wakiwa bado wanang'aa. Mdudu wa namna hiyo ukimwosha rangi inarudi mbele ya macho yako, na hakuna aliyeongeza kitu. Jicho la nzi ni habari nyingine. Linabonyea kadiri linavyokauka, kwa hiyo ukitaka macho mazima mpige siku ile ile aliyokufa, hata kama manyoya hayajakamilika.

Yote haya nayasema kwa mdudu wako mwenyewe, uliyemwokota taani au dirishani. Ndani ya hifadhi huwezi kuokota hata panzi bila kibali. Na kielelezo cha makumbusho, kama vile vya Makumbusho ya Taifa ya Kenya pale Nairobi, hakioshwi kwa uamuzi wa mpiga picha. Kipo kile ambacho spishi, yaani aina ya mdudu, ilitangazwa mara ya kwanza kwa kutumia mwili wake, na kila kilichogandia mwilini humo ni sehemu ya kumbukumbu. Hapo mtunzaji akikwambia tumia kipulizio tu, utatumia kipulizio tu.

Chonga wa ami alimaliza kukauka siku ya tano. Alipokuwa mchafu nilimdhania mweusi. Alikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, na tumboni, palipokuwa na nyuzi za mnazi, palitokea safu za nywele nyekundunyekundu zilizolala upande mmoja kama zimechanwa. Nilimpiga picha 340 kwa upande wa kichwa peke yake, usiku, malori ya barabarani yakiwa yamepungua, kwa sababu mtikisiko wa lori moja unatosha kuharibu mfululizo mzima. Kisha nikamfunga ndani ya mfuko, nikamweka kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja ili kuua mayai ya wadudu wanaokula vielelezo, ndipo akaingia sandukuni.

Na maji yale ya kwanza, ya rangi ya chai, sikuyamwaga mara moja. Niliyapitisha kwenye kitambaa chepesi, nikakuta utitiri wanne, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mtama, waliokuwa wamejificha chini ya mabawa magumu. Wako sasa ndani ya kichupa cha spiriti, kando ya chonga wao, na kikaratasi chao kinasema maneno yale yale: Pangani, tarehe, mnazi, na jina la ami.